Ya Nyuma Kushoto

Nilimwita mdogo wangu aje amfukuze mkwe wangu nyumbani kwangu, na chanzo kilikuwa kitaa kidogo cha njano ndani ya gari. Watu wa mtaa wetu wa Chuno wanaisimulia kwa kucheka. Mimi ndiye niliyekuwepo, kwa hiyo nitaisimulia mimi, na anayetaka kucheka asubiri nimalize.

Gari ni langu. Naanza na hapo, maana wako wanaoona mwanamume kashika usukani wakadhani na gari ni lake. Nimelinunua kwa korosho zangu, za mikorosho niliyoachiwa na mama yangu nikaipalilia kwa mikono hii hii, na kadi ina jina langu. Darasani nilikaa kidogo sana, lakini jina langu nalisoma popote lilipoandikwa, hata kwa mbali. Nyumba nayo ni yangu. Binti yangu kitinda mimba na mumewe na watoto wao wanakaa vyumba vya mbele. Mimi nalala chumba cha nyuma, mkono wa kushoto.

Kuendesha ndiyo sijui. Anayeendesha ni mkwe. Yeye ni mtu wa bara, alikuja Mtwara kwa kazi ya bandarini, akasilimu ili amuoe binti yangu. Sina kesi na hilo. Ila Ramadhani ya kwanza, kila alasiri nilitafuta sababu ya kupita karibu na mlango wake, nisikie kama kuna kijiko kinagonga kikombe. Hakikugonga hata mara moja. Na hilo nalo nikalitilia shaka, maana mtu wa kawaida angeteleza japo siku moja.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawazoeani. Hatukai mkeka mmoja, hatutazamani usoni. Nikitaka jambo namwambia binti yangu, naye anamwambia mumewe, na jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Ndani ya gari mimi nakaa nyuma, yeye mbele, na tukiwa wawili tu hakuna anayefungua kinywa kutoka Chuno mpaka Shangani, hapa hapa Mtwara. Ndiyo heshima yenyewe. Wenzetu wa bara wakiona hivyo wanadhani tumegombana, lakini huyu alijifunza upesi. Upesi mno, kwa maoni yangu.

Kitaa nilikiona siku tuliyokwenda Shangani kwenye hitima. Alipowasha gari tu, kikaanza kukonyeza. Umbo lake ni kama chungu kilichopasuliwa katikati, ndani yake kimesimama kijiti, na chini ya kijiti nukta. Kikakonyeza, kikakonyeza, kisha kikatulia kikabaki kinawaka. Mkwe akakitazama. Halafu akanitazama mimi kwenye kioo. Halafu akaondoa macho haraka.

Tuliporudi nikamwita binti yangu jikoni.

"Kile kitaa cha njano ni cha nini?"

"Cha upepo, mama. Gari linasema kuna tairi halina upepo wa kutosha."

"Linasema kwa mdomo upi? Matairi nimeyaona yote manne, nimeyapiga teke, yamejaa."

"Basi muulize mwenyewe."

"Nimuulize mwenyewe? Mimi mke mwenzako?"

Akacheka, akarudi kwenye mchicha wake. Mimi sikucheka. Nikaanza kuangalia.

Asubuhi, kabla jua halijapiga magurudumu, mkwe alitoka na geji ya upepo. Akachuchumaa kwenye kila gurudumu, akafungua kifuniko cha mdomo wa tairi, akabandika geji, ikatoa sauti kama nyoka, akaisoma huku midomo ikicheza. Nilikuwa nyuma ya pazia. Akaenda kujaza upepo, akarudi, kitaa kikawa bado kinawaka. Ndipo akafanya jambo ambalo halikunipendeza. Akaingiza mkono chini ya usukani, karibu na goti, akabonyeza kitu asichotaka kionekane, akakishikilia mpaka kitaa kikakonyeza, kisha akaondoka na gari akazunguka nalo mjini bila abiria na bila mzigo.

"Anazurura na gari langu anakwenda wapi?" nikamuuliza binti yangu.

"Ukishabonyeza kile kitufe lazima uliendeshe kidogo, mama, ili lijifunze."

"Lijifunze nini?"

"Lijifunze upepo wa matairi yake."

"Gari la miaka yote hiyo leo ndiyo linaanza shule?"

Mkwe alipokwenda kuswali nikaingia kwenye gari nikapapasa chini ya usukani. Kitufe kipo kweli. Nikakibonyeza. Hakikutokea kitu, wala hapakufunguka mahali pa kuficha. Nikatoka nikiwa na shaka zaidi kuliko nilivyoingia.

Mchezo ule ukaendelea. Asubuhi geji, kitufe, mzunguko wa mjini. Jioni kitaa kinarudi na kukonyeza kwake. Siku moja akachelewa, nikaambiwa alikuwa kwa fundi wa matairi. Fundi gani huyo anayekaa na gari mchana kutwa halafu linarudi vile vile?

Kisha nikasikia ile simu.

Ilikuwa Jumapili baada ya adhuhuri, nimejinyoosha kitandani. Nyumbani kwangu mtandao haushiki vizuri ila uani, chini ya dirisha langu, kwa hiyo wote wenye siri zao huja kuzisemea hapo. Nikasikia sauti ya mkwe, ameishusha.

"Ya nyuma kushoto," akasema. "Ndiyo, hiyo hiyo. Imezeeka. Sensa ndiyo imekufa, haisomeki tena... Hapana, hakuna cha kutibu, hizi zikichoka zimechoka. Itolewe tu. Tukishaitoa tunasajili mpya... Mama? Bado sijamwambia. Nitamwambia ikishafika."

Nikakaa kitandani kama mtu aliyemwagiwa maji.

Sensa! Nani Mtanzania asiyejua sensa? Karani alikuja hapa hapa barazani, na kishikwambi chake na kizibao chake, akauliza, "Mkuu wa kaya ni nani?" Nikasema mimi. Nilipotamka vile, mkwe alikohoa. Binti yangu alisema ni vumbi. Mimi kikohozi kile nilikiweka, na siku ile chini ya dirisha nikakitoa.

Nikapanga maneno yake moja baada ya jingine. Anayelala nyuma kushoto ni nani? Mimi. Aliyezeeka ni nani? Mimi. Sensa haimsomi tena, hatibiki, atolewe, asajiliwe mwingine. Na huyo mwingine sikuhitaji kumtafuta mbali. Mama yake kule bara alikuwa ametuletea michembe, vile viazi vitamu vyao vya kukausha, na salamu kwamba anataka kuja kutusalimu. "Nitamwambia ikishafika." Kumbe salamu zenyewe ndizo hizo!

Mtaniambia: lakini alisema "imezeeka", hakusema "amezeeka", alisema "ikishafika", hakusema "akishafika". Nililisikia hilo, masikio ninayo. Lakini watu wa bara mnawajua. Mtoto "inalia", mgeni "imekuja", kila kiumbe kwao ni "i". Nilichofanya ni kuongeza na lile tusi juu: si kwamba ananitoa tu nyumbani kwangu, ananitoa na kuniita kitu.

Nikampigia mdogo wangu simu. Yeye yuko karibu na Kilambo, ana shamba lake la mikorosho huko. Ndiye mjomba wa binti yangu, na kwetu ndoa ya mtoto wa dada iko mikononi mwa mjomba. Yeye akisema imekwisha, imekwisha. Mwanamume anachukua begi lake na njia yake.

"Njoo uniondolee mtu," nikamwambia.

"Dada, una uhakika? Mimi nikishalisema neno kule kwako silirudishi. Huyo ni baba wa wajukuu zako."

"Nimesikia kwa masikio yangu. Anafanya sensa yake, ananitoa, anamweka mama yake."

"Sensa si inafanywa na serikali?"

"Ndiyo maana nakuita."

"Basi nifuateni. Bodaboda zinaniumiza mgongo."

Kwa hiyo mkwe mwenyewe ndiye aliyetumwa kumfuata mtu wa kumfukuza, nami nikaenda kumlinda asije akageuza njia. Binti yangu aliuliza kama mjomba anakuja kwa heri. Nikasema anakuja kunisalimu. Akanikazia macho.

Kabla hatujaondoka akaniletea ujumbe wa mumewe. "Anasema leo ukae upande wa kulia, mama."

"Kwa nini?"

"Anasema nyuma kushoto hana uhakika napo."

Nikapanda nikakaa nyuma kushoto, nikajipanua.

Njia nzima kitaa kinawaka mbele yetu. Tulipofika Naliendele akasimama, akashuka, akazunguka mpaka ubavuni kwangu, akainama nisimwone. Nikasikia ile sauti ya nyoka. Akarudi akaendesha. Mbele zaidi, lami ilipokwisha, akafanya vile vile. Mikorosho imejipanga kushoto na kulia, barabara haina mtu, na mwanamume ambaye siku tatu zilizopita alisema nitolewe anainama karibu na mlango wangu. Nilishika kitasa kwa mkono mmoja na tasbihi kwa mwingine.

Mdogo wangu tulimkuta amevaa kanzu, na kuku wawili wamefungwa miguu. Akaingia kiti cha mbele. Akaanza kuniuliza kwa Kimakonde, nami nikamjibu kwa Kimakonde, maana mkwe hakijui, na kama anakijua basi hilo nalo amelificha. Mambo ya namna ile husemwa nyumbani, watu wakishakaa. Lakini mdogo wangu hana subira tangu utotoni. Hatujafika mbali akageuka kwa Kiswahili.

"Mkwe, nasikia una habari za sensa."

Mkwe akafurahi kama aliyepewa zawadi. "Mjomba umesikia? Kumbe mama anajua! Ndiyo, imeshanisumbua sana hiyo."

"Imekusumbua nini hasa?"

"Ya nyuma kushoto, mjomba. Imezeeka. Zile nyingine tatu bado nzima, hii imekufa."

Mdogo wangu akanigeukia, macho yamemtoka. Nikampa ishara: si nilikwambia?

"Imekufa," akarudia taratibu. "Na unaisema hivyo hapa hapa, yenyewe inasikia?"

"Haisikii kitu, mjomba. Hata ukiipiga."

"Ukiipiga!"

"Fundi kaigonga, kimya. Itolewe tu. Mpya nimeagiza Dar, inakuja na basi."

"Na hiyo ya zamani ukishaitoa, unaipeleka wapi?"

"Ya kutupa hiyo. Au nitawapa watoto wachezee."

Nilipiga kelele. Mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kumsemesha mkwe wangu neno moja uso kwa uso tangu amuoe binti yangu, nilipiga kelele mpaka kuku wakapiga mbawa. "Wachezee mimi? Nani atolewe kwenye nyumba yangu? Mkuu wa kaya ni mimi! Karani aliniandika mimi!"

Mkwe akasimamisha gari katikati ya barabara. Akageuka, akanitazama usoni, naye mara yake ya kwanza.

"Mama," akasema, "karani gani?"

Alitushusha wote wawili. Akatupeleka ubavuni, akachuchumaa mbele ya gurudumu la nyuma kushoto na kushika ule mdomo wa chuma wa kujazia upepo. Akasema ndani, nyuma ya huu mdomo, kumefungwa kidude kidogo kama kiberiti, kila gurudumu na chake, kazi yake kupima upepo na kulipelekea gari habari. Mafundi wanakiita sensa. Kina betri ambayo haichajiwi wala haibadilishwi. Ikiisha, kidude kizima kimekufa.

Mimi si mtu wa kuridhika na maelezo ya kwanza. "Na upepo uliokuwa unajaza kila asubuhi?"

"Nilidhani ni upepo kweli, mama. Nikapima matairi yakiwa ya baridi, nikajaza yote sawa, nikabonyeza kitufe cha kuanza upya, nikaendesha. Kitaa kikarudi. Kingekuwa cha upepo kingewaka tu. Hiki kinakonyeza kwanza ndipo kinatulia. Maana yake kuna gurudumu gari linaliita, halijibu."

"Umejuaje ni hili na si lingine?"

"Fundi ana mashine. Anaisogeza kwenye kila gurudumu. Matatu yamejibu, hili kimya."

"Na kusajili?"

"Kila sensa ina namba yake. Mpya ikija, gari lisipopewa hiyo namba, litaikataa kama mgeni."

"Na kwa nini njiani ulikuwa unainama mlangoni kwangu?"

"Gurudumu hili halina wa kulisemea, mama. Lazima nilipime mwenyewe. Na wewe umelikalia."

"Kwa nini hukuniambia yote haya?"

Akafungua mikono. "Ningekuambiaje? Hatusemezani."

Hapo mdogo wangu akaanza kucheka. Alicheka akashika boneti, akacheka akakaa chini mchangani na kanzu yake nyeupe. "Sensa!" anasema. "Wachezee watoto!" Nami nawaambia nilichomwambia yeye siku ile: neno moja lina maana mbili, na mimi nililijua lile lililokuja mlangoni kwangu na kizibao. Aliyeliingiza kwenye tairi ndiye wa kuchekwa.

Mkwe hakucheka.

"Mjomba," akasema, "wewe tumekufuata kwa ajili ya nini leo?"

Mdogo wangu akakata kicheko. Akajikung'uta mchanga, akanitazama mimi. Angeweza kusema amekuja kusalimu. Lakini mimi jambo nikilifanya silifichi.

"Nilimwita aje akuondoe," nikasema.

Mkwe akatikisa kichwa polepole. "Sawa," akasema, akatufungulia milango.

Kimya cha siku zote nilikuwa nakijua. Hiki kilikuwa kingine. Hata mdogo wangu alikaa ameshika kuku wake mapajani kama mtoto aliyekemewa. Tulipofika Chuno mkwe akazima gari, akanipa ufunguo kupitia kwa mdogo wangu, akaingia ndani. Muda si muda binti yangu akatoka.

"Mama, umefanya nini? Anafunga begi."

"Anakwenda wapi?"

"Anasema atapanga chumba. Anasema hawezi kulala nyumba anayoviziwa. Kaniambia nikitaka nimfuate na watoto, nisipotaka nibaki na wewe." Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Na mimi nitamfuata, mama. Nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa."

Nyumba niliyomwita mtu aje kunilindia ilikuwa inabaki tupu. Nilisimama pale uani na ufunguo mkononi, gari langu nje, wa kuliendesha anakunja mashati. Watoto walikuwa wamewafungua wale kuku, wanakimbizana nao, hawajui kitu.

Mdogo wangu akatandika mkeka. "Nimetoka Kilambo kuja kusema neno," akasema, "na nitalisema. Waiteni wote." Wakakaa. Mkwe alikuja na begi lake akaliweka kando ya goti.

"Dada yangu alikosea kusikia," akaanza.

"Sikukosea kusikia," nikasema. "Nilisikia kila neno."

"Dada, nisaidie." Akamgeukia mkwe. "Wewe, baba, unataka nini ili hilo begi lirudi ndani?"

Mkwe alikaa ameinamisha kichwa, adabu yake ile ile. "Nataka mama akinitilia shaka aniulize mimi. Mwenyewe, kwa mdomo wake. Miaka yote hii namsikia anavyopumua nyuma ya mlango."

Binti yangu akaziba mdomo. Mdogo wangu akaangalia juu kwenye mabati.

"Kwetu hilo halipo," nikasema. "Mama mkwe hamsemeshi mkwe."

"Najua, mama. Ndilo ninaloliomba hilo. Nikilikosa, nitakuja kukusalimu Ijumaa kama jirani."

Alilisema bila hasira, na ndiyo maana nikaliamini. Mtu mwenye hasira unamsubiri apoe. Nikawaza mama yangu angesemaje kuniona nazungumza na mkwe kama shoga yangu. Nikawatazama wale watoto. Mdogo kabisa alikuwa amemkamata kuku mmoja, anampelekea baba yake kumwonyesha.

"Nitauliza," nikasema. "Lakini na wewe, mambo ya simu usiyanong'oneze chini ya dirisha langu."

"Mtandao unakamata pale tu, mama."

"Basi sema kwa sauti. Na hiyo 'i' yako uitumie kwa vitu tu."

Akakubali. Binti yangu akainuka na begi, akaingia nalo ndani, nikasikia kabati linafunguliwa. Mdogo wangu akachinja kuku mmoja. Wa pili alisema anarudi naye, maana shauri lenyewe lilikuwa la nusu.

Basi likaleta mzigo kutoka Dar. Asubuhi yake nilikuwa chumbani, nikamsikia mkwe uani. "Imefika," anasema, kwa sauti kubwa, kama mwadhini. Kisha sauti ikaanza kushuka yenyewe. "Mbona hiyo namba siyo... Hapana, sikuambiwa hivyo... Sasa nitafanyaje, mama atanielewa vipi..."

Nikafungua dirisha.

"Mkwe. Nani huyo?"

Akashtuka, akainamisha macho. "Fundi, mama. Anasema kwa namba hii gari litaikataa sensa mpya."

"Nipe mimi."

Akainua simu kupitia nondo za dirisha, ameishika kwa mikono miwili na uso ameugeuzia ukutani. Nikaipokea.

"Mimi ndiye mwenye gari," nikamwambia fundi. "Haya, anza mwanzo. Nani amekwambia hiyo namba siyo?"